Harambe ya Florida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza Kuhusu Bustani ya Animal Kingdom na Mabadiliko Yake

Waongoza watalii, walimu na wanafunzi wa kozi za utalii hapa Mwanza hukutana na jina Animal Kingdom kila mara, kwa sababu mgeni wa Kimarekani akishamwona pundamilia wa kwanza huanza kulinganisha. Haya ndiyo maswali yanayorudi. Ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Animal Kingdom ni mbuga ya wanyama au ni uwanja wa michezo?

Vyote viwili, na ndiyo maana watu hubishana. Ni bustani ya burudani ya kampuni ya Disney, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, ikawa bustani ya nne ndani ya Walt Disney World baada ya Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982) na ile ya mambo ya filamu (1989). Ina wanyama hai wa kutunzwa na kutibiwa, na papo hapo ina treni ya kasi inayopita ndani ya mlima wa bandia.

Kuhusu ukubwa, ni kama hekta 230. Hifadhi ya Saanane, ukijumlisha kisiwa na maji yaliyo ndani ya mipaka yake, ina kilomita za mraba 2.18, yaani hekta 218. Hazipishani sana. Serengeti yetu ingeimeza bustani hiyo zaidi ya mara elfu sita, kwa hiyo picha za simu zisikudanganye ukadhani ni pori lisilo na mwisho.

2. Wanaposema bustani imegawanywa katika "kanda", wana maana gani?

Ukanda ni sehemu iliyojengwa ili kila kilichomo kisimulie habari moja: mapaa, muziki, vyakula, sare za wahudumu, hata mapipa ya taka. Ukivuka daraja unaingia ukanda mwingine, na wajenzi hupanda miti na kuinua vilima ili ukiwa huku usione ya kule. Ukiwa Afrika hutakiwi kuona mlima wa Himalaya ukichungulia nyuma ya kibanda cha maji.

Mpango huu ulijulikana zaidi kupitia Disneyland ya California, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955 ikiwa na kanda tano. Animal Kingdom iliurithi ikauongezea wanyama.

3. Kabla ya Disney hapakuwa na bustani za michezo?

Zilikuwepo, tena za kale. Bakken ya Denmark huhesabu umri wake tangu 1583, na Tivoli ya Copenhagen ilifunguliwa 1843. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson aliweka gari la kuteremka vilima vya mbao huko Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti tano na mwendo wake kilomita 10 hivi kwa saa. Mwaka 1893, kwenye maonyesho ya Chicago, George Ferris alisimamisha gurudumu la kupandia lenye urefu wa mita 80 na vyumba 36, likibeba watu zaidi ya 2,000 kwa mzunguko mmoja.

Tofauti ni kwamba kwa sehemu kubwa kila mchezo ulisimama peke yake. Ulilipa, ukapanda, ukashuka, ukaenda kwa jirani, na hapakuwa na kisa cha kuunganisha gurudumu na gari la mbao.

4. Kwa nini mchezo unaopendwa huondolewa?

Sababu huwa zaidi ya moja. Mitambo inachakaa na vipuri vyake haviundwi tena. Mchezo unaweza pia kuwa unapitisha watu wachache kwa saa huku umekalia ardhi kubwa. Filamu mpya inapotoka, kampuni hutaka ionekane bustanini. Na kisa chenyewe huweza kuchosha: lililoshtua watu mwaka 1998 halimshtui mtoto wa leo.

Kampuni ikitangaza mabadiliko hupenda kutaja kisa kwanza. Mimi ninayefuatilia kwa mbali ningeanza na ardhi: ukanda unaofungwa aghalabu ndio ule ambao watu walipita bila kukaa. Mifano iko kwenye maswali ya 13, 14 na 15.

## Harambe, ukanda wa Afrika

5. Harambe iko nchi gani?

Haiko nchi yoyote. Ni mji wa kubuni, bandari ndogo ya pwani ya Afrika Mashariki yenye magofu ya ngome, soko, kituo cha treni na geti la kwenda porini. Vibao vingi ni vya Kiswahili, na hoteli ya Disney iliyo jirani, iliyofunguliwa 2001, ina jengo linaloitwa Jambo House na migahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Ndiyo maana mgeni anaweza kushuka uwanja wa ndege wa Mwanza akiwa tayari na maneno manne au matano ya Kiswahili mdomoni.

Mji huo haukubaki kama ulivyofunguliwa. Ukumbi wa maonyesho uliongezwa 2014 na soko la chakula 2015, ukapanuka kuelekea upande ambao awali haukuwa na kitu cha kumsimamisha mtu.

6. Ni kweli wamenakili Lamu? Na kwa nini si mji wa ziwani?

Mfano mkubwa kweli ulikuwa Lamu. Timu ya wabunifu iliyoongozwa na Joe Rohde ilisafiri Afrika, ikapiga picha na kupima, kisha ikarudi kujenga kuta zilizobanduka rangi na kupasuka kwa makusudi. Mafundi Wazulu kutoka Afrika Kusini ndio walioezeka mapaa ya nyasi.

Kuhusu ziwa, walihitaji mji ambao Mmarekani akiuangalia mara moja atauelewa: bandari ya kale, milango ya nakshi, barabara ya mchanga kuelekea pori la savana. Hapa ningewapinga kidogo. Hakuna mji wa pwani ambao ukitoka tu sokoni unakutana na tembo. Ukitaka maji, mji na mbuga vilivyokaribiana, barabara ya Mwanza kwenda Musoma inayopita geti la Ndabaka, ziwa upande mmoja na Serengeti upande wa pili, ina ukweli zaidi. Lakini wao walikuwa wanajenga kisa, hawakuwa wanachora ramani.

7. Wanyama wa Kilimanjaro Safaris ni halisi? Simba hawawezi kurukia gari?

Ni halisi. Safari hiyo imekuwepo tangu siku ya ufunguzi, katika eneo la hekta kama 45. Unapanda lori la wazi na kuzungushwa kwa dakika kama 20 ukipita viboko, twiga, nyumbu, tembo na simba.

Uzio haupo machoni lakini upo. Kuna mitaro mirefu iliyofichwa na majani, maji, na kingo za mawe ambazo mnyama hawezi kuzipanda. Simba wametengwa na wengine wote, ingawa ukiwa ndani ya lori unaweza kuapa kwamba swala na simba wanalala uwanja mmoja. Usiku wanyama huitwa kwa sauti waliyozoeshwa, wakarudi mabandani kula na kukaguliwa. Mchana, malisho huwekwa mahali ambapo yatawavuta wasimame karibu na njia. Mwongoza watalii wa Serengeti ambaye ameshazunguka tangu alfajiri akimtafuta chui ataelewa wivu ninaousema.

8. Miamba na mibuyu inayoonekana ni ya asili?

Mibuyu mikubwa ile ni ya saruji. Mwamba wanaolalia simba nao umetengenezwa, tena una mitambo ya kuupooza au kuupasha joto ili simba wapende kukaa juu yake, pale pale malori yanapopita. Kwa sisi tuliozaliwa kati ya mawe, kuanzia Bugando hadi Jiwe la Bismarck, kulipia mawe ya kumwagwa kiwandani ni jambo la kuchekesha, lakini Florida ni tambarare na wangeyatoa wapi?

Kinachochekesha zaidi ni barabara. Makorongo na nyayo za matairi zilizomo zilitengenezwa: saruji ilitiwa rangi ya udongo, matairi yakapitishwa juu yake ikiwa mbichi, mawe na vijiti vikarushwa humo. Wenzetu waligharamia barabara mbovu.

9. Kuna video ya zamani yenye majangili na daraja linaloyumba. Mbona wageni wa sasa hawaisemi?

Kwa sababu kisa hicho kiliondolewa hatua kwa hatua, na ndicho mfano mzuri kuliko yote wa jinsi mchezo unavyobadilika bila kufungwa.

Mwanzoni safari ilikuwa na hadithi kamili. Dereva alizungumza kwa redio na walinzi wa mbuga, habari zikaja kwamba majangili wanamfuata tembo aitwaye Big Red na mtoto wake Little Red, lori likavuka daraja lililojifanya kuanguka, kisha mkaishia katika kuwafukuza majangili. Katika majaribio ya kabla ya ufunguzi, wageni walionyeshwa hata mzoga wa mama tembo. Wazazi wenye watoto wadogo hawakuupenda, ukaondolewa na hadithi ikalainishwa.

Baadaye hata mbio za majangili zilionekana mzigo. Watu walikuja kuona wanyama, na kelele za redio ziliwakatisha. Mwaka 2012 sehemu ya mwisho iliyokuwa ya majangili ikageuzwa uwanja wa pundamilia. Mwaka 2016 zikaanza pia safari za jioni zenye mwanga wa kuigiza jua linalozama.

Tazama mwelekeo huo: walianza na hadithi iliyopambwa na wanyama, wakabaki na wanyama tu. Kwa maoni yangu walifanya vizuri, ingawa ujangili wenyewe haukuwa hadithi kwetu, na kulikuwa na maana mtoto wa Ohio asikie kwamba tembo huuawa kwa ajili ya pembe.

10. Njia ya msitu iliyoitwa Pangani bado ipo?

Ipo, jina tu ndilo lililobadilika. Tangu 2016 inaitwa kwa jina la maporomoko ya sokwe wakubwa, yaani Gorilla Falls. Ni njia ya kutembea kwa miguu, na haina mchezo wowote wa kupanda.

## Kanda nyingine na mambo yaliyotoweka

11. Mlima Everest wa pale una urefu gani, na treni yake inaendeshwa na nini?

Ukanda wa Asia ulifunguliwa 1999, mwaka mmoja baada ya bustani yenyewe, na mlima ukaongezwa 2006. Kilele chake kina futi 199 na kidogo, karibu mita 61. Haikuwa bahati: jengo likifika futi 200, kanuni za usafiri wa anga za Marekani hudai taa nyekundu juu yake, na taa hiyo ingeharibu kisa cha Himalaya.

Gari la abiria halina injini. Mnyororo hulivuta hadi juu, likiachiwa uzito wake hufanya kazi yote, hadi kasi ya kilomita 80 kwa saa. Katikati ya safari reli inaonekana imekatika mbele yenu, treni inasimama, kisha inarudi kinyumenyume gizani. Wakati mnasubiri, kipande cha reli nyuma yenu kimeshahamishwa kielekee njia nyingine.

Haliachi reli kwa sababu kila mhimili una magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba, ya pembeni yanayoongoza, na ya chini ya reli yanayozuia gari kunyanyuka. Hayo ya chini yalipata hataza mwaka 1919 kupitia mhandisi John Miller. Kabla yake mteremko mkali ulikuwa kamari.

12. Yeti wa ndani ya mlima anasogea au hasogei?

Hasogei. Yeti, yule kiumbe wa hadithi za milima ya Himalaya, hapa ni sanamu la mtambo lenye urefu wa zaidi ya mita saba, na lilipoanza 2006 lilinyosha mkono kuelekea treni. Baada ya miezi michache lilipata hitilafu, likaachwa limesimama, na taa za kumetameta zikawekwa ili macho ya abiria yadhani linajongea. Kulitengeneza si rahisi kwa sababu mlima umejengwa kulizunguka. Wapenzi wa bustani wamelibandika jina la Yeti wa disko.

13. Nembo ya mwanzo ilikuwa na joka. Joka liko wapi?

Halikujengwa. Mpango wa awali ulikuwa na ukanda wa viumbe vya hadithi, lakini fedha zilipobana ukaahirishwa, na mahali pake pakawekwa kambi ya kukutana na Mickey na wenzake, kwa muda tu. "Kwa muda" huko kukawa miaka 15 na ushee. Kambi ilifungwa 2014, na tarehe 27 Mei 2017 ukafunguliwa ukanda wa Pandora unaotokana na filamu ya Avatar ya 2009, wenye milima inayoonekana kuelea na mchezo wa kuigiza kuruka mgongoni mwa kiumbe. Mchezo huo ulivuta foleni za saa kadhaa. Joka limebaki kwenye vifaa vya ukumbusho vya zamani.

14. Ramani ya 1998 inaonyesha boti mtoni. Sisi watu wa ziwani tunataka kujua: ziliishia wapi?

Ziliondolewa mwaka 1999. Boti zilipita mto unaouzunguka Mti wa Uhai, mti mkubwa wa bandia wa bustani hiyo, na kosa lake lilikuwa matarajio. Bustani mpya ilikuwa na michezo michache, watu wakaona foleni, wakadhani kuna maajabu, wakasubiri juani muda mrefu, kisha wakashushwa ng'ambo. Jina likabadilishwa zikaitwa teksi za mtoni, likabadilishwa tena, haikusaidia.

Anayevuka na kivuko cha Kamanga hawezi kulalamika kwamba hakuona joka njiani, maana alilipia kuvuka. Yule wa Florida alidhani analipia kisa. Gati zake bado zipo, zimegeuzwa sehemu za kupumzikia.

15. Dinosaria wameenda wapi?

Ukanda wao, DinoLand, ulikuwa na mchezo mkubwa wa gizani uliofunguliwa 1998 na kubadilishwa jina mwaka 2000, pamoja na michezo midogo ya mtindo wa maonyesho ya barabarani iliyoongezwa 2001 na 2002. Ile midogo ilisemwa tangu siku ya kwanza kwamba ni ya bei rahisi, na mmoja wake, treni ya kuzungukazunguka, ulifungwa kabisa 2020. Kuanzia Januari 2025 ukanda umefungwa kwa awamu ili kupisha ukanda wa Amerika ya kitropiki, uliotangazwa kufunguliwa 2027.

Mwaka huo huo wa 2025 liliondolewa pia onyesho la wadudu lililokuwa ndani ya shina la Mti wa Uhai. Mti wenyewe haujaguswa. Una mita 44, umechongwa wanyama zaidi ya 300, na kiunzi chake cha chuma ni cha aina inayotumika kwenye mitambo ya kuchimba mafuta baharini.

## Kwetu ziwani

16. Mwanza tuna bustani ya namna hii?

Ya namna hii, hapana. Sikukuu ya Idi au Krismasi utapata bembea na yale mapulizo ya hewa ya watoto kurukia, basi.

Kilicho karibu zaidi ni Saanane, na historia yake imekwenda kinyume na ya Florida. Ilianza 1964 ikiwa bustani ya kufugia wanyama, ya kwanza nchini, kwenye kisiwa kilichopewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Unapanda boti Capri Point, dakika chache umefika, unakuta pimbi, swala, ndege na mawe ambayo hakuna aliyeyamwaga.

17. Basi si tujenge ukanda wa Kisukuma wenye majengo ya kisa?

Umeshajengwa, na ulianza kabla Animal Kingdom haijafikiriwa. Nenda Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa miaka ya 1950 na padri David Clement kutoka Kanada akishirikiana na wenyeji. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kuna nyumba ya ngoma za kifalme, banda la vyama vya uchezaji vya Bagika na Bagalu, na kanisa la duara lililofuata mtindo wa nyumba ya Kisukuma.

Ukisoma tena jibu la 2 utaona masharti yote yametimia, isipokuwa mchezo wa kupanda. Wakati wa Bulabo, mwezi Juni, ngoma zinaposhindana na mchezaji anaingia na chatu shingoni, sidhani kama kuna atakayeuliza treni iko wapi. Pungufu la Bujora ni matunzo na matangazo.

18. Kijana wa hapa anaweza kuajiriwa Harambe?

Disney imekuwa na mpango wa kuleta vijana kutoka nchi za Afrika kwa mikataba ya muda, wafanye kazi katika ukanda huo na hotelini. Nchi zinazochukuliwa hubadilika. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti rasmi ya ajira ya kampuni, na huko ndiko kwa kuangalia. Mtu akikudai "hela ya kuunganishwa" kwenye kundi la WhatsApp, mfute.

19. Ndugu yangu aliyeko Marekani anataka kumpeleka mtoto. Atapanda kila kitu?

Inategemea kimo, si umri. Everest na mchezo wa kuruka wa Pandora hutaka sentimita 112. Mashua za maporomoko za ukanda wa Asia hutaka 97, na huko mtu hulowa kweli kweli. Safari ya lori haina kikomo, hata mtoto mchanga anapanda. Aende asubuhi na mapema: mchana wa Florida ni mkali na wanyama hutafuta kivuli kama wa kwetu tu.

20. Akienda kabla ya 2027, wakati ukanda mzima wa dinosaria umefungwa, kiingilio kinapunguzwa?

Hapana. Bei hupangwa kwa tarehe, sikukuu na likizo za shule zikiwa ghali zaidi, na haihesabu michezo mingapi iko wazi siku hiyo. Kinachobadilika ni foleni: ukanda mmoja ukifungwa, watu wake huhamia Pandora na Everest.